Kusoma Vilele vya Mwangwi: Kutoka Mkongo wa Mawasiliano hadi Jicho Lenye Mtoto wa Jicho

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini inayoiunganisha Afrika Mashariki na dunia, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika. Intaneti ilidorora bara na visiwani. Watu wengi waliuliza itarudi lini. Wachache waliuliza swali ambalo kwa daktari lina mvuto zaidi: wahandisi walioko nchi kavu hujuaje kasoro iko mahali gani chini ya bahari? Hawawezi kuufukua mkongo mzima. Wanachofanya ni kupeleka mpigo mfupi wa mwanga ndani ya uzi wa kioo, kusubiri mwangwi urudi, kisha kusoma mchoro wa vilele vilivyojitokeza.

Kipimo hicho ni ndugu wa damu wa kipimo kinachofanyika katika kliniki ya macho kabla ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Huko nako hatuwezi kulipasua jicho ili tulipime urefu. Tunapeleka mpigo wa sauti au wa mwanga, tunasubiri mwangwi, tunasoma vilele. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya wanaoshika chombo hicho, na kwa ajili ya wagonjwa wanaoketi mbele yake bila kuelezwa kinachotendeka. Nimeanza na mkongo kwa makusudi, kwa kuwa mambo yanayomchanganya mpimaji wa jicho huonekana wazi zaidi katika uzi wa kioo, ambao ni kitu kimoja, kilichonyooka, kisichopepesa.

Mwanga ndani ya uzi wa kioo

Uzi wa kioo wa mawasiliano una unene wa mikromita 125, yaani kama unywele mnene, na sehemu ya katikati inayopitisha mwanga ni takriban mikromita 9 tu. Njia ya kuupima kwa mwangwi ilielezwa na Barnoski na Jensen mwaka 1976. Mpigo ukisafiri ndani ya kioo, kila sehemu ya kioo hurudisha nyuma chembe ndogo mno ya mwanga. Kwa hiyo mchoro wa kawaida ni mstari unaoteremka taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, kama mteremko wa pwani wakati wa maji kupwa. Juu ya mteremko huo fundi hutafuta alama za namna mbili: kidato, yaani mahali mstari unaposhuka ghafla, na kilele, yaani mahali unaporuka juu kama mwiba.

Kidato husema kwamba mwanga umepotea. Kilele husema jambo jingine kabisa: kwamba mwanga umekutana na mpaka wa ghafla kati ya kitu kimoja na kingine. Kioo kilichokatwa sawasawa kikigusana na hewa hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga, na katika mchoro huo ni mwiba mrefu sana. Viunganishi vya mkongo navyo huonyesha vilele, hata vikiwa vizima. Lakini uzi uliokunjwa kupita kiasi nyuma ya kabati hupoteza mwanga mwingi bila kuonyesha kilele chochote. Na uzi uliovunjika kwa mshazari, au ambao mwisho wake umezama katika maji, unaweza kufa kabisa bila kilele cha kutajika. Mafundi hulijua jambo hili kiasi kwamba viunganishi vyao vya rangi ya kijani huchongwa makusudi kwa pembe ya nyuzi 8, ili mwanga unaorudi usizidi sehemu moja ya milioni. Urefu wa kilele, basi, hauelezi ukubwa wa madhara. Unaeleza jinsi mpaka ulivyo wa ghafla, na jinsi ulivyomkabili mtumaji uso kwa uso.

Jambo la pili ni upofu wa muda. Baada ya kilele kirefu, kipokezi huzidiwa na mwanga na hakioni kitu kwa kitambo, mfano wa mtu aliyemulikwa tochi usoni. Upana wa mpigo nao una gharama zake. Mpigo wa nanosekunde 10 unaweza kutenganisha mambo yaliyo umbali wa mita moja hivi. Mpigo wa mikrosekunde moja hufika mbali zaidi lakini huunganisha kila kilichomo ndani ya mita 100. La tatu ni vilele vya uongo. Mwanga unaweza kudunda kati ya viunganishi viwili zaidi ya mara moja, na kila ukirudi kipima huuhesabu kana kwamba umetoka mbali. Fundi mzoefu akiona kilele kwenye umbali uliozidi kingine mara mbili kamili, hukitilia shaka kabla ya kuagiza mtu achimbe.

La nne, na kwangu ndilo kuu, ni kwamba chombo hakipimi umbali hata kidogo. Kinapima muda. Umbali hupatikana kwa kuzidisha muda huo kwa kasi ambayo mtu ameiweka ndani ya chombo. Mwanga katika ombwe husafiri kilomita 299,792 kwa sekunde. Ndani ya kioo cha mkongo hupungua kwa kugawanywa kwa namba iliyo karibu na 1.468. Fundi akikosea namba hiyo kwa 0.01 tu, katika mkongo wa kilomita 50, umbali unaokaribia ule unaoitenga Pemba na bara, kasoro itahama kwa zaidi ya mita 300. Mchoro utakuwa safi, vilele vitakuwa vizuri, na meli itatafuta mahali pasipo na kitu.

Kutoka kwenye mkongo kuingia jichoni

Mwangwi wa mwanga huchukua takriban mikrosekunde 30 kwenda na kurudi katika uzi wa kioo wa kilomita 3. Mwangwi wa sauti nao huchukua takriban mikrosekunde 30 kwenda na kurudi ndani ya jicho la mtu mzima, ambalo urefu wake wa wastani ni milimita 23.5. Saa ileile ingetosha kwa vyote viwili. Sauti ni ya polepole, na upole huo ndio uliowezesha jicho kupimwa kwa mawimbi ya sauti mapema, kuanzia kazi ya Mundt na Hughes mwaka 1956.

Kwa mwanga mambo ni magumu zaidi. Mwanga huvuka jicho na kurudi kwa muda wa karibu moja ya tano ya nanosekunde, muda mfupi mno kwa saa ya kipima mkongo. Ufumbuzi ulitoka tena kwa watu wa mikongo. Mwaka 1987 watafiti waliokuwa wakitafuta kasoro ndogo ndani ya vifaa vifupi vya mwanga walichapisha njia ya kuugawa mwanga mara mbili, sehemu moja ikienda kwenye kitu kinachopimwa na nyingine kwenye kioo cha rejea, kisha kulinganisha zinapokutana. Mwaka 1988 Adolf Fercher na wenzake walitumia wazo la namna hiyo kupima urefu wa jicho. Mwaka 1991 Huang, Swanson, Fujimoto na wenzao waliunganisha vipimo vingi kama hivyo wakapata picha ya tabaka za retina, kazi iliyowapatia watatu hao tuzo ya Lasker mwaka 2023. Chombo cha kwanza cha kibiashara cha kupima urefu wa jicho kwa mwanga, IOLMaster, kilitoka mwaka 1999. Kwa hiyo mgonjwa anayeweka kidevu mbele ya chombo hicho leo ananufaika na elimu iliyozaliwa katika maabara za simu.

Hata hivyo, mwanga una mpaka wake. Ukikutana na mtoto wa jicho aliyekomaa, mboni ikiwa imeshakuwa nyeupe kama tui, haupiti. Chombo cha mwanga hushindwa kutoa namba, au hutoa namba yenye alama ya shaka. Katika kisiwa kama Pemba, ambako mzee wa Micheweni au Kengeja anaweza kungoja jicho la pili nalo lififie ndipo aje hospitalini, kipimo cha sauti hakijapitwa na wakati. Ndicho kitakachotumika kwa wale wanaokihitaji zaidi, na ndicho kinachodai mkono mtulivu na jicho linalojua kusoma vilele.

Vilele vitano na maana yake

Tunatumia mawimbi ya sauti ya megahetzi 8 hadi 10. Kwenye kioo cha chombo, kuanzia kushoto, unapaswa kuona kilele cha konea, kilele cha uso wa mbele wa lenzi, kilele cha uso wa nyuma wa lenzi, kisha eneo tulivu ambalo ni ute wa ndani ya jicho, halafu kilele cha retina, na mara baada yake kilele cha skelera, yaani ule weupe mgumu wa jicho, kikifuatwa na vijilele vingi vinavyofifia vya mafuta yaliyo nyuma ya jicho.

Kilele cha retina ndicho kinachoamua kila kitu. Kinatakiwa kipande wima kutoka kwenye mstari wa chini, bila mteremko na bila ngazi upande wake wa kushoto. Kikipanda kwa mshazari, mpigo haukuikabili retina uso kwa uso. Ni hali ileile ya uzi wa kioo uliokatwa kwa pembe. Na ikiwa kilele cha retina kipo lakini cha skelera hakionekani nyuma yake, uwezekano mkubwa ni kwamba mpigo umeelekea kwenye neva ya jicho badala ya kitovu cha kuona. Chombo kitatoa namba hata hivyo. Mpimaji asiyetazama mchoro ataiandika.

Kwa nini tusumbuke hivi kwa sehemu za milimita? Kwa sababu urefu wa jicho ndio unaochagua nguvu ya lenzi ya bandia. Kosa la milimita 1 katika jicho la kawaida huleta kosa la dayopta 2.5 hadi 3 katika miwani atakayohitaji mgonjwa, na katika jicho fupi kosa huwa kubwa zaidi. Historia yenyewe inatukumbusha: Harold Ridley alipoanza kuweka lenzi ya bandia London mwaka 1949, mgonjwa wake wa kwanza alibaki na shida ya kutoona mbali ya zaidi ya dayopta 10, kwa kuwa nguvu ya lenzi haikulingana na jicho. Upasuaji wenyewe ulikuwa wa ajabu kwa wakati ule. Leo lenzi huwekwa mara moja kwa maisha. Kuibadilisha ni upasuaji wa pili ulio mgumu kuliko wa kwanza, na kwa mtu wa Pemba mara nyingi maana yake ni nauli ya boti, msindikizaji, na siku kadhaa Unguja au Dar es Salaam.

Mahali tunapodanganyika

Kosa lililozoeleka zaidi katika kipimo cha kugusa ni kuibonyeza konea. Kichwa cha chombo kikishikwa kwa nguvu kidogo tu, jicho hufupika kwa milimita 0.1 hadi 0.3. Jicho fupi huitiwa lenzi kali, na mgonjwa huamka akisoma msahafu vizuri bila miwani lakini hamtambui mtu aliye ng'ambo ya barabara. Dalili yake huonekana kwenye mchoro: nafasi kati ya kilele cha konea na kilele cha mbele cha lenzi hupungua. Katika vipimo kumi vya jicho moja, vile ambavyo nafasi hiyo ni ndogo kuliko vingine ndivyo vilivyobonyezwa; vifute, usiviingize katika wastani. Mimi hupendelea njia ya kikombe kidogo kinachowekwa juu ya jicho na kujazwa maji ya chumvi ya hospitali, ambapo kichwa cha chombo hakigusi konea kabisa. Huchukua dakika chache zaidi na maji humwagika shavuni, lakini namba zake hutulia.

Kosa la pili ni la ukuzaji wa mwangwi. Ukiupandisha mno, vilele hugonga dari ya mchoro na kuwa bapa, na vya retina na skelera huungana vikawa kitu kimoja, sawa na kile kipokezi cha mkongo kilichopofuka. Ukiushusha mno, kilele cha retina hunywea na chombo huweza kuchagua kingine. Mtoto wa jicho mgumu hunyonya sauti, hivyo ukuzaji lazima upande kidogo. Lakini lenzi ngumu hiyo hiyo huwa na tabaka nyingi ndani yake, na kila tabaka hutoa kijilele. Chombo kikijisomea chenyewe kinaweza kuchukua kijilele cha katikati ya lenzi kikadhani ni uso wake wa nyuma. Hapo ndipo mpimaji anapopaswa kusogeza alama kwa mkono.

Kosa la tatu ni la kasi. Sauti husafiri mita 1,532 kwa sekunde katika majimaji ya jicho, na mita 1,641 katika lenzi. Kwa jicho lenye lenzi yake, vyombo vingi hutumia wastani wa karibu 1,550. Kwa jicho lililokwisha kutolewa lenzi, kasi sahihi ni 1,532. Mpimaji akimpima bibi asiye na lenzi huku chombo kikiwa bado katika mpangilio wa mgonjwa aliyetangulia, atakosea kwa karibu robo ya milimita, bila kilele hata kimoja kuonekana kibaya. Mfano ulio mkali zaidi ni jicho lililojazwa mafuta ya silikoni baada ya upasuaji wa retina. Sauti hutambaa ndani ya mafuta hayo kwa kasi isiyofika hata mita 1,100, na jicho la milimita 23 linaweza kusomeka kuwa na zaidi ya 30. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mgonjwa yeyote liwe: jicho hili limewahi kupasuliwa? Wapi, na waliweka nini?

Kuna vilele visivyopaswa kuwepo kabisa. Eneo la ute, kati ya lenzi na retina, likionyesha vijilele vifupi vinavyotikisika mgonjwa akisogeza jicho, yamkini ni damu au uchafu wa ute. Kukiwa na kilele kimoja kirefu, kilichosimama wima mbele ya skelera kwa umbali, na kisichonywea hata ukuzaji ukishushwa sana, shuku kwamba retina imebanduka. Nyuma ya mtoto wa jicho mweupe daktari haoni retina kwa macho. Ni mwangwi pekee unaomweleza. Mgonjwa wa namna hiyo apimwe kwanza kwa altrasaundi ya picha, na aelezwe mapema kwamba kutoa mtoto wa jicho peke yake huenda kusimrudishie kuona. Mazungumzo hayo yakifanyika baada ya upasuaji, huwa yamechelewa.

Kama kanuni ya kazi ya kila siku: chukua vipimo vitano hadi kumi, na tofauti kati yao isizidi milimita 0.1 au kidogo zaidi ya hapo. Pima macho yote mawili hata kama litapasuliwa moja. Macho ya mtu mmoja yakitofautiana kwa zaidi ya milimita 0.3, au jicho likiwa fupi kuliko 22 au refu kuliko 25, rudia, na ikiwezekana mwenzako arudie bila kuonyeshwa namba zako. Mafundi wa mkongo wana desturi ninayoitamani katika kliniki zetu: hupima uzi kutoka ncha zote mbili, na hawachomeki kiunganishi kabla ya kukisafisha na kukikagua. Sisi pia tukumbuke kukifuta kichwa cha chombo kwa dawa na kukiacha kikauke kabla hakijagusa jicho la mtu mwingine.

Kwa mgonjwa na anayemsindikiza

Kipimo hiki hakiumi. Utatiwa tone la ganzi, utaombwa utazame taa moja bila kuhamisha macho, na utasikia kitu kikigusa jicho kwa wepesi au maji yakijaa juu yake. Ukipepesa, hakuna kilichoharibika. Mpimaji atarudia, na kurudiwa mara nyingi si dalili kwamba jicho lako ni baya. Miiba mirefu utakayoiona kwenye kioo cha chombo nayo si ugonjwa. Katika jicho zima miiba hiyo lazima iwepo, na mpimaji angeshtuka asipoiona. Baada ya ganzi usilifikiche jicho mpaka hisia irudi.

Njoo na miwani yako ya zamani, hata ikiwa imevunjika au huioni tena. Mtu aliyevaa miwani ya kutoona mbali tangu ujana mara nyingi ana jicho refu, na miwani hiyo humsaidia mpimaji kuthibitisha kwamba namba ya 26 aliyoipata ni ya kweli. Ukiwa umewahi kutibiwa macho Mnazi Mmoja, Muhimbili au kwingineko, njoo na karatasi zako. Mwambie mpimaji kama uliwahi kuumia jicho, iwe kwa tawi la mkarafuu au kwa ndoana, hata kama ni miaka thelathini iliyopita.

Baada ya kipimo, omba nakala ya karatasi yenye namba za macho yote mawili pamoja na mchoro wa vilele, uihifadhi pamoja na kadi yako ya kliniki. Jicho la pili linaweza kupasuliwa baada ya mwaka au baada ya miaka sita, pengine katika hospitali nyingine na kwa chombo kingine. Lenzi ya kwanza ikishawekwa, jicho hilo halipimiki tena kwa namna ileile. Daktari wa wakati huo atakuwa na karatasi yako tu ya kulinganishia.